Vitabu vya Kufungia Bajia

Saa kumi jioni, mafuta yanachemka kwenye karai na foleni imefika mlango wa duka jirani. Swafia Athmani, muuza bajia wa Bondeni, hainui uso. Anamkabidhi kitabu msichana aliyevaa sare ya shule.

"Soma, Naqiya. Ukurasa mmoja, kisha bajia zako."

"Da Swafia, nina njaa!"

"Na mimi nina masikio. Soma."

Naqiya, mwenye miaka kumi na mitano, anafuata mistari kwa kidole. Anakwama, anarudia, anaendelea. Nyuma yake kwenye foleni Hussam, mwanafunzi mwenzake, anapiga kelele: "Hima! Bajia zaungua!"

Hiyo ndiyo sheria ya hapa: mwenye sare husoma kwa sauti kwanza, ndipo auziwe.

Swafia, mwenye miaka ishirini na mitatu, hununua karatasi za kufungia kwa shilingi thelathini kilo. Mwezi Januari alifungua gunia akakuta vitabu vya hadithi arobaini na kimoja, vyote vimepigwa muhuri wa shule ya akina Naqiya. Kurasa za vingine zilikuwa bado zimegandana. Havikuwahi kufunguliwa.

"Nililia," anasema, kwa sauti ya chini hata inabidi kumsogelea. "Mimi niliacha shule darasa la sita, mama alipougua. Kitabu nilikuwa nikiazima. Hawa walikuwa navyo, vikafungiwa kabatini mpaka vikauzwa kwa kilo."

Naqiya anakumbuka kufuli la kabati hilo. "Tuliambiwa tutavichafua," anasema. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa hawezi kumaliza sentensi moja ndefu bila kusaidiwa.

"Halafu wasema vijana hawapendi kusoma!" Swafia anafoka, mwiko mkononi. "Walipewa lini wakakataa?"

Wiki iliyopita mwalimu wa shule hiyo alifika kibandani. Hakuja kushukuru. Wakaguzi wanakuja, na kabati ni tupu.

"Aliniambia, 'Binti, hiyo ni mali ya shule. Mpika bajia na vitabu wapi na wapi?' Nikamuuliza, vikirudi vitasomwa? Akasema vitapangwa vizuri."

Mwalimu alimpa mpaka Jumatatu, la sivyo atakuja na chifu. Gazeti hili lilipompigia simu, mwalimu huyo alisema vitabu viliuzwa kwa kuwa vimepitwa na wakati. Hakueleza kwa nini sasa anavitaka.

Swafia ameshaamua. Jumatatu atavirudisha vyote, yeye mwenyewe, mbele ya huyo chifu, lakini kwa sharti moja: ufunguo wa kabati ukae na Naqiya.

"Mwalimu akikataa?" tunamuuliza.

"Basi wakaguzi waje kuvitazama hapa, kwenye moshi. Watawakuta wasomaji pia."

Mwakani anataka kujiandikisha masomo ya watu wazima, amalizie alipoachia.

Kwa sasa bajia anazifunga kwa magazeti ya zamani. "Hata hili lenu litafungiwa bajia," anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Lakini kwanza Naqiya atalisoma."