Medali ya Babu na Limau la Bibi

Jumamosi wenzangu wa hapa South Beach huteremka ufukweni. Mimi hubaki kochini na simu yangu, nikitazama mnada wa sarafu na medali za kale za Ulaya, tajiri asiyeweza kununua hata utepe wa medali moja. Leo nikikamulia limau kwenye chai, ikatokea medali ya Kibelgiji, nyeusi kama sufuria ya kuni, na watu wanapandishiana bei. Harufu ya limau ikanirudisha jikoni kwa bibi.

Baba mdogo alikuwa ameitafutia mnunuzi medali ya marehemu babu, aliyovishwa jeshini enzi za Wabelgiji. Bibi hakutaka iuzwe, ila hakubishana. Alivuta kigoda, akachota majivu, akaanza kusugua, maana kwetu mgeni haonyeshwi kitu kichafu. Mimi nilimshikia limau, vidole vikiniwasha. Alisugua asubuhi nzima, mpaka uso wa mfalme wao uliochongwa juu yake ukawa laini kama kokoto ya mtoni, bila pua.

Mnunuzi aliigeuzageuza kiganjani, akashusha pumzi. "Mama, mumeisugua, ule weusi wa zamani wote umetoka. Hii haina bei tena."

"Kumbe ulitaka uchafu?" bibi akamuuliza. "Ungesema, baba. Uchafu hapa iko mwingi."

Baba mdogo alishika kichwa. Bibi akammiminia mgeni chai, kisha akaibandika medali kwenye koti la babu lililoning'inia ukutani, akalinyoosha kola.

"Umependeza, mzee wangu," akaliambia koti.