Fundi Yeh Anang'oa Ving'amuzi

Mume wangu ni fundi wa waya za televisheni hapa Xiluo, na kwa miaka thelathini na mmoja hakuna nyumba ya mtaa wetu ambayo hajaivulia viatu mlangoni. Jina lake ni Yeh Tien-fu, ila ukimuulizia kwa jina hilo utazungushwa mji mzima. Ulizia Fundi Yeh. Watu wanamjua kwa pikipiki yenye ngazi ubavuni na kwa uchache wa maneno. Nyumbani maneno yake ni machache zaidi, na yanayobaki nayasema mimi.

Mwaka huu, tulipomaliza tu kufagia makaburi ya wazee, kampuni yake ilitangaza kwamba mitaa ya zamani haitapelekewa tena televisheni kwa waya. Kila mteja ataziona stesheni zake zilezile kwa programu iliyomo ndani ya televisheni, kwa njia ya intaneti. Ving'amuzi virudishwe. Na nani wa kuvikusanya? Yuleyule aliyevifunga. Ikawa kila asubuhi mume wangu anatoka na magunia matupu, jioni anarudi na magunia ya ving'amuzi, uso umemshuka. Nikimuuliza kulikoni ananijibu, "Hakuna kitu." Nimeolewa naye muda mrefu, najua "hakuna kitu" yake ina uzito gani.

Vijana hawakuwa na shida. Wao walishaacha ving'amuzi zamani, wanatazama tamthilia kwenye simu wakiwa chooni. Shida ilikuwa wazee. Wazee wetu hawajui stesheni kwa jina, wanazijua kwa namba. Habari ni hamsini na kitu, filamu ni sitini na kitu, michezo ni sabini na kitu, na wengine hawajawahi kusoma herufi hata moja ila namba hizo wanazo kichwani kama siku za kuzaliwa za watoto wao. Sasa programu haina namba. Ina vipicha, na vipicha vyenyewe vinabadilishana nafasi kila ukiiwasha. Mume wangu akachukua rangi yangu ya kucha, ile nyekundu niliyoinunua kwa harusi ya binti yetu, bila kuniomba, akawa anatia kidoti kwenye rimoti za vikongwe: hapa bonyeza kwanza, hapa bonyeza pili. Chupa ilirudi ikiwa tupu. Nilinuna siku mbili.

Jumatano aling'oa king'amuzi cha Bibi Liao.

Bibi Liao ana miaka themanini na minne, anakaa uchochoro wa pili kutoka kwetu, peke yake. Masikio yake yamechoka na nyonga yake haimruhusu kwenda mbali zaidi ya mlango. Alimlea mjukuu wake, Po-chuan, tunayemwita A-chuan, tangu mtoto ana miaka minne, baba yake alipofariki naye mama yake, Shu-chen, akaenda kufanya kazi kiwandani Tainan. Bibi alikuwa anauza mchuzi wa soya, na uani kwake kulikuwa na mitungi mikubwa ya udongo. A-chuan alijifunza kupiga mpira wa besiboli uani humo humo. Alivunja vifuniko vya mitungi visivyo na idadi, na Bibi alikuwa anamfukuza na ufagio huku akimkemea kwamba kama ni lazima apige, basi apige juu zaidi.

Basi Jumatano mume wangu aliondoka na king'amuzi, akamwambia, "Bibi, picha itakuwa nzuri kuliko zamani. Nakuahidi." Alhamisi mchana simu ikapigwa kutoka Tainan. A-chuan, baada ya miaka mitatu kwenye timu ya akiba, ameitwa timu kubwa. Mwenzake ameumia kifundo cha mguu. Atacheza Jumapili, saa kumi na moja na dakika tano jioni. Mwenzake akipona, A-chuan atarudi akiba, na hakuna ajuaye kama ataitwa tena. Yaani Jumapili ile ilikuwa moja, na huenda ikawa ya mwisho, na Bibi Liao hakutaka kingine duniani ila kumwona.

Mume wangu aliposikia aliweka vijiti vya kulia chini. Akasema, "Nimekichukua jana tu." Akaacha chakula chake, akaenda kwa Bibi kuikagua ile programu.

Ijumaa picha ilikuwa nzuri. Jumamosi ikaanza kukwama. Watu wako kwenye picha wanatembea, ghafla wanaganda mguu juu, katikati kinatokea kiduara kinazunguka, kinazunguka. Bibi Liao akamwita fundi. Na hapa ndipo mume wangu alipofanya lile alilofanya, na sitamficha kwa kuwa ni mume wangu.

Kisiwani kwetu hakuna fundi wa mashine asiyejua kifuko cha kijani. Ni vitafunwa vya mahindi, vya watoto. Ukiweka kifuko juu ya mashine, mashine inatulia na kufanya kazi. Kiwe cha kijani, si cha njano wala chekundu. Kisiwe kimepitwa na tarehe. Na asikile mtu. Utavikuta kwenye mitambo ya benki, hospitalini, kwenye vibanda vya treni. Mume wangu alikuwa anaacha kifuko kimoja juu ya kila king'amuzi, na katika mizunguko yake alikuwa anakagua tarehe na kubadilisha vilivyopitwa, kazi ambayo kampuni haikumtuma. Nyumbani tunacho kimoja juu ya friji. Friji inavuja, lakini nikisema naambiwa ingevuja zaidi.

Sasa king'amuzi hakipo, na televisheni za siku hizi ni nyembamba, huwezi kuweka kitu juu yake. Mume wangu akafikiri, akakiweka kifuko juu ya kile kisanduku cheupe kinachotoa intaneti, kwenye kabati pembeni ya televisheni. Picha ikakwama vilevile. Bibi Liao akasema mechi ya mjukuu wake ni kazi nzito, kifuko kimoja hakitoshi. Habari ikatoka uchochoroni. Mzee Tai wa duka la maua ya madhabahuni akaleta viwili. Mke wa mfuga bata akaleta vitatu. Watu waliokuwa wamekaa na vifuko vya ving'amuzi vilivyong'olewa, hawajui wavipeleke wapi, wakapata pa kuvipeleka. Kufikia Jumapili mchana kisanduku kilikuwa na vifuko kumi na kimoja, juu, ubavuni na nyuma, kimefunikwa kama mtoto mchanga wakati wa baridi. Na picha ilikuwa inaganda kila dakika.

Mume wangu aliipigia kampuni simu. Wakamwambia azime kisanduku, awashe upya. Alizima, akawasha, akavipanga vifuko vyake upya kwa heshima zote, picha ikaenda vizuri dakika kumi, kisha kiduara kikarudi. Akafanya hivyo mara sita. Akaenda hadi bohari ya kampuni, mjini Douliu, kuomba king'amuzi kimoja tu, kwa jioni moja tu, akaambiwa ishara ya waya kwa mtaa wetu ilishakatwa, hata akifunga ving'amuzi mia ataona kiza. Aliporudi alinipitia jikoni. Alisimama akiwa na kofia yake ya pikipiki kichwani. Akaniambia, "Mama Hui, nimemdanganya yule bibi." Macho yalikuwa mekundu.

Tukampigia Shu-chen, aliyekuwa tayari uwanjani Tainan. Mume wangu akamwomba aiache simu wazi mechi nzima, ili picha ikishindwa tuweze angalau kumwambia Bibi kinachoendelea. Kisha nikapika keki za mchele za bakuli, zile za chumvi na mchuzi wa soya, kwa sababu watu watakuwa wengi na mimi nikiwa na wasiwasi napika. Nikaenda nazo kwa Bibi Liao, sinia mikononi, bakuli kumi na mbili.

Chumba kilikuwa kimejaa. Televisheni ilikuwa imeganda kwenye uso wa mtangazaji, mdomo wazi. Meza imejaa matunda na chai. Niliangaza macho pa kuweka sinia, mikono inaniuma, hakuna. Nikaliona kabati. Nikatumia kiwiko, nikavisukuma vifuko vyote kumi na kimoja sakafuni, nikatua sinia yangu.

Mzee Tai akasema taratibu, "Mama Hui, umetumaliza."

"Mikono yangu nayo ina mwisho," nikamwambia. "Halafu hiki kidude mbona kinaunguza?"

Ndipo mume wangu akaja. Alikiwekea kisanduku kiganja, akakiondoa haraka, kisha akakirudisha. Akaokota kifuko kimoja, akakigeuzageuza, akapapasa karatasi yake inayong'aa ndani kama bati. Nilimwona akielewa. Alielewa polepole, kuanzia masikioni, ambayo yalibadilika rangi. Kisha akasema mbele ya watu wote, "Tulikuwa tunakipika. Mimi ndiye niliyeanza." Akaomba feni. Akaielekeza kwenye kisanduku, na baada ya muda kidogo mtangazaji akafunga mdomo na kuendelea na habari zake.

Hakuna aliyecheka, isipokuwa Bibi Liao. Alicheka hadi akashika nyonga. Akamwita mume wangu karibu, akamwambia, "Fundi, hata mimi nilikuwa namvisha A-chuan masweta matatu." Lakini akasisitiza kifuko kimoja kibaki chumbani, mahali ambapo kisanduku kinakiona. Tukakiweka kwenye rafu, ng'ambo ya chumba. Sina la kusema kuhusu hilo, maana picha haikukwama tena.

Mechi ikaanza. A-chuan alikuwa wa nane katika mpangilio wa wapigaji. Alipotokea kwenye picha, na kofia ngumu na gongo begani, Bibi Liao alimpungia mkono. Mume wangu alikuwa mlangoni, simu yake sikioni, Shu-chen upande wa pili. Nikamwona anakunja uso. Nikamsogelea, nikatega sikio, nikasikia sauti ya masikitiko ya watu wengi. Kwenye televisheni A-chuan bado alikuwa anajipanga. Sekunde arobaini baadaye, ndipo mrushaji alipomtoa kwa mipira mitatu ambayo hakuigusa.

Ndivyo ilivyo programu hiyo, inachelewa. Simu ilikuwa inatuambia mambo kabla hayajatokea. Mume wangu akanivuta nje, kibarazani, akapunguza sauti. Hakutaka mtu mwingine asikie. Mara ya pili ya A-chuan kupiga tukasikia tena masikitiko, na tukasimama pale kibarazani na sekunde zetu arobaini kama watu walioficha barua ya msiba, huku ndani Bibi Liao akimhimiza mjukuu wake asiwe na haraka. Sijawahi kuchukia kujua jambo kama nilivyochukia siku ile.

Ilikuwa imeshapita saa moja jioni, mechi inaelekea mwishoni, A-chuan akaja kwa mara ya tatu. Timu yake ilikuwa nyuma. Kila mtu ndani alijua kwamba kocha hampi mtu mgeni nafasi nyingi zaidi ya hizo. Mume wangu alishika simu kwa mikono miwili. Kisha ikasikika sauti, kavu, ya gongo, na uwanja mzima ukapiga kelele, na juu ya kelele zote Shu-chen akimwita mwanawe kwa jina, akilia.

Nikafungua mdomo. Mume wangu akaniziba kwa kiganja chake, yeye ambaye hanishiki mkono hata sokoni.

"Usimwambie," akasema. "Ni wake. Aone mwenyewe."

Akazima simu, akaingia ndani. Mfahamuni mume wangu: miaka yote hiyo, picha ikishatokea tu, yeye huwa ameshabeba ngazi yake na kuondoka. Hajawahi kukaa nyumba ya mteja. Safari hii alichukua kigoda, akakiweka chini ya televisheni, akakaa akiwa ameipa mgongo. Mzee Tai akamwambia kwa kukereka, "Fundi, unatazama wapi? Mechi iko nyuma yako."

Kwenye picha A-chuan alikuwa anafuta kiganja kwenye suruali. Bibi Liao alikuwa ameinama mbele, anamwambia apige juu, apige juu zaidi. Mume wangu alikuwa anamtazama yeye, usoni, anangoja, na mimi nilisimama mlangoni nikiwatazama wote wawili, hadi macho ya yule bibi yalipoanza kupanda, polepole, yakiufuata mpira.