Siku Niliyokagua Kalavati kwa Tumbo

Wenzangu, kuna aibu ambayo mtu anaoga inatoka, halafu kuna hii yangu, ambayo hata nikipita sokoni mjini Wote bado kuna mtu anamdokezea mwenzake kwamba ndiye huyo. Wacha niwasimulie mwenyewe, kwa maana ile wanayosimulia huko nje ina chumvi nyingi (suruali iliishia magotini, naapa).

Kazi yangu ni kupima ujenzi utaumiza mazingira kiasi gani. Nilitumwa kwenye teremko moja huko chini ya Kikima, mahali barabara ya vumbi inakaribia mto unaolindwa na serikali, na kalavati la hapo, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, lilikuwa limepasuka hivi kwamba mvua ikinyesha hakuna gari linapita. Mkaza mwana wa Mama Ndinda, mama mmoja wa hapo, alijifungulia hapo hapo kando ya barabara wakingoja maji yapungue, kwa hiyo mkisikia watu walininunia, mjue walikuwa na haki. Kwao mimi nilikuwa yule madam aliyekuja kuzuia lisitengenezwe.

Chifu akaitisha mkutano wa maoni, hema likasimamishwa karibu na kalavati, pasta akaomba, na Mama Ndinda akasimama wa kwanza kuniuliza hao wanyama ninaowalinda ni gani, maana yeye mle ndani haoni kitu ila takataka. Jibu lilikuwa rahisi, kwamba wanyama hupitia humo wakienda mtoni, na nyayo zao ziko pale mchangani. Lakini mimi na kujionyesha kwangu nikaona heri niingie, nipige picha ya kinyesi chao, nitoke nayo mbele ya watu kama ushahidi. Nikavua kofia, nikalala kifudifudi, nikaingia.

Mchanga ulikuwa umejaza nusu ya kalavati na mimi asubuhi hiyo nilikuwa nimeshiba chapati. Nilipofika katikati, reflekta yangu, ile fulana ya kung'aa, ikanasa kwenye chuma kilichochomoza, siendi mbele sirudi nyuma, na hapo ndipo nikasikia kitu kinapumua na si mimi. Nikawasha tochi. Kenge, jamani, kwa urefu tungelingana.

Nilipiga kelele, na kelele ndani ya kalavati hutoka pande zote mbili kama tarumbeta. Yule kenge aliogopa kunishinda, akanipanda kichwani, akashuka na mgongo wangu, akatokea moja kwa moja mkutanoni. Mimi nilisikia tu viti vya plastiki vikivunjika, pasta akiomba upya kwa Kikamba, na hema likianguka.

Halafu sauti ya Mama Ndinda pale mdomoni mwa kalavati. "Madam, uko hai?"

Nikamwambia niko hai ila nimenasa.

"Basi kabla hatujakuvuta, tuambie. Hili kalavati litatengenezwa ama halitatengenezwa?"

Nikamwambia litatengenezwa, ila kazi ifanywe wakati wa kiangazi, udongo usimwagwe mtoni, na wanyama waachiwe kijia chao kando. Nilisema hayo nikitema mchanga, naye akiwatafsiria wengine moja baada ya jingine, nikasikia wakinong'onezana.

"Hata huyo aliyetoka sasa hivi?"

"Hata huyo, mama."

Akawatafsiria wenzake na hilo. "Sawa. Apewe njia yake, asitupitie hapa tena."

Basi wanaume wakanivuta kwa gambuti nilizovaa, gambuti zikatoka na soksi zake. Wakashika suruali, nayo ikaanza kuwafuata. Mama Ndinda akawafukuza, akanifunika kwa leso aliyojifunga, na akina mama wakanishika miguu wakavuta kwa mdundo wa kwaya mpaka reflekta ikachanika nikatoka kinyumenyume, mbele ya chifu, injinia wa barabara, na pasta ambaye alikuwa juu ya paa la gari letu la kazi na hakuonekana kuwa na haraka ya kushuka.

Kalavati lilitengenezwa kiangazi hicho, na la wanyama dogo kando yake. Mkubwa wangu aliposoma ripoti aliniuliza nilithibitishaje kwamba wanyama wanapita humo, nikamjibu kwamba mmoja alinipita.

Siku hizi nikifika kwenye kalavati nachuchumaa mdomoni, namulika tochi, nashukuru Mungu, narudi garini. Anayetaka kujua kilichomo ndani aingie mwenyewe, mimi nitamshikia viatu.