Dubu Aliyelala

Wazazi walinijia juu kwa sababu ya runinga darasani. "Watoto twawaleta wasome, nawe wawaonyesha katuni?" Mimi ulimi wangu hauna breki. Niliwajibu kwamba mtoto wa miaka sita hafundishwi Kiingereza kwa kukaririshwa kama kasuku. Mwonyeshe kitu anachokipenda, atakisema mwenyewe. Shule yetu ni vyumba viwili vya ghorofani, Mji wa Kale, na dirisha likiwa wazi harufu ya viazi vya karai inaingia mpaka kwenye madaftari. Bila ile runinga, nani angenisikiliza?

Nilikuwa na filamu ya dubu na mwanawe. Dubu amelala majira yote ya baridi, mwanawe anamwinamia na kumwambia kwa Kiingereza: amka baba, kumekucha. Hapo ndipo nilipokuwa nikiisimamisha picha. Mtoto mmoja anakuja mbele, anainama, anayasema maneno yale badala ya mtoto wa dubu. Akikosea, dubu haamki. Akisema sawasawa, nabonyeza rimoti, dubu anafumbua macho, na darasa zima linapiga makofi.

Msichana mmoja hakusema hata siku moja. Zamu yake ikifika alisimama, akausokota mtandio wake kidoleni, akanyamaza mpaka wenzake wakaanza kuguna. Nilimpenda kupita wote, na sioni haya kusema hivyo. Babake aliuza leso katika duka moja la Biashara Street, na kila adhuhuri alipomjia aliniuliza swali lile lile.

"Mwalimu, mwanangu leo amenena?"

"Bado, babake. Kesho, inshallah."

"Mbona nyumbani hunena! Nikijilaza baada ya chakula, mimi ndiye dubu. Siamki ng'o mpaka aseme vizuri."

Alicheka, akamshika mkono, wakashuka ngazi. Nilimwonea wivu. Sauti niliyoihangaikia muhula mzima, yeye alikuwa akiisikia kila siku amelala kitandani.

Asubuhi moja alianguka pale dukani, na hospitali hakufika. Nilipopata habari nikaliacha darasa kwa mwenzangu, nikaenda nyumbani kwao. Maiti ilikuwa imeshaoshwa na kukafiniwa, iswaliwe baada ya alasiri. Mtoto nilimkuta ameketi katikati ya wanawake, kila mmoja akimpapasa kichwa na hakuna aliyemwambia lolote. Aliponiona alikuja akanishika buibui, asiniachie.

Wakati wa kuagana ulipofika, sanda ilifunuliwa usoni, wakaitwa mke, dada zake na mtoto. Mimi, nisiye wa ukoo, nilibaki mlangoni. Shangazi yake alimchukua mkononi mwangu akamwongoza ndani.

"Mbusu babako, mama. Muage."

Hakumbusu. Aliinama vile vile nilivyowafundisha, mikono magotini, akasema kwa Kiingereza: amka baba, kumekucha. Alisema kwa sauti kubwa na safi, kila neno mahali pake. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijasikia mtoto aliyeyasema vizuri kuliko yule. Akangoja. Kisha akayasema tena, polepole zaidi, na mamake akaegemea ukuta akateleza mpaka chini.

Nje wanaume walikuwa wanabisha, wanataka kulichukua jeneza. Shangazi akaurudisha ule upande wa sanda, akamsukuma mtoto taratibu kuelekea kwangu. Hakuwa analia. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu.

"Mwalimu," akaniuliza, "nimekosea wapi?"

Nilipiga magoti nikamkumbatia. Uongo wa kumwambia sikuupata, wala sikuutaka.

"Hukukosea, mwanangu. Umesema sawasawa kabisa."

Hapo ndipo alipoelewa, akaanza kulia.