Sifa Alizopewa Umuhire

Kantengwa, mjane, hakujaliwa kuzaa, lakini tangu mwaka 2008, pale Rubondo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, aliitwa mama. Ofisi ya watoto ilimletea Umuhire, yatima wa miaka saba asiye na ndugu wa kumpokea. Mjane yule akampenda mpaka majirani wakamtania kwamba atambeba mgongoni hadi siku ya harusi yake.

Mtoto alikuwa mwepesi wa nyimbo na hodari wa kuchambua maharage, ila kitabu kilimshinda. Herufi alizozijua asubuhi zilimpotea mchana. Ukimsomesha mstari mmoja, macho yake yako kwa kuku, mguu uko mlangoni. Mwalimu wake, Anatole, alimweleza Kantengwa bila kuzungukazunguka.

"Mama, huyu hapana mujinga. Kusoma kunamusumbua, na kutulia pia. Umwambie afisa. Kuko darasa ya kusaidia batoto ba namna hii, hapa hapa Rubondo."

Kantengwa aliitikia, akaenda zake. Lakini kwa watu wake, wafugaji wa milima ya Minembwe kule Kongo, mtoto wa kupewa hasemwi nje. Wa tumbo lako utamlalamikia hata kwenye bomba la maji. Yatima ukimtaja kasoro mbele ya mgeni, umetangaza kwamba umemchoka. Basi Yudita, afisa wa watoto kutoka Mbarara, alipokuja kuuliza, "Huyu mutoto nasoma namna gani?" Kantengwa alijibu kifua mbele, "Anasoma muzuri sana. Anabapita bote."

Mficha uchi hazai, na siku ile msemo ulimpata mwenyewe. Watoto wenye shida walibaki Rubondo wasaidiwe. Waliosifiwa walichaguliwa kwenda kwenye makao ya watoto huko Kakoba, mjini Mbarara, penye shule kubwa. Gari lilipokuja, majirani walipiga vigelegele. Kantengwa angeweza kusema kweli hata pale, mlango wa gari ukiwa bado wazi. Akaogopa aibu, akampungia mtoto mkono.

Muhula ulipoisha alimfuata. Alimkuta nyuma ya jiko peke yake, miguu imejaa alama za fimbo. Mlezi wa zamu alisema mtoto ni mkaidi. Amekuja na sifa za kusoma, kumbe anagoma makusudi. Hapo Kantengwa alisema yote mbele ya mlezi na Yudita, aliyekuwapo siku hiyo, analia, anaomba arudishiwe mwanawe. Yudita alisikitika, lakini kumrudisha kulitaka kikao, na kikao kilikuwa mwakani.

Umuhire hakumkimbilia. Alingoja wakubwa waondoke, ndipo akauliza polepole:

"Mama, ulibaambia ninajua kusoma juu banitoshe kwako, banilete huku?"

"Hapana, mwana wangu! Ni juu nakupenda."

Mtoto akatikisa kichwa kukubali, vile alivyozoea kumkubalia mwalimu neno ambalo hakulielewa.