Mtihani wa Kucheka

Bisheni mnavyotaka, lakini mimi nimewahi kusahihisha mtihani wa kucheka.

Mimi ni mwalimu wa michezo. Kwa jina tu, maana vipindi vyangu vyote vilishamezwa na hesabu, na mipira ilifungiwa stoo mpaka ikaisha upepo.

Mkuu wetu wa shule tulimwita Wastani. Ukimsalimia asubuhi, anakujibu wastani wa darasa la mwisho. Shule ilikuwa ya pili katika eneo letu, na hiyo pili ilimkosesha raha kabisa.

Katika darasa hilo alikuwemo mtoto wa marehemu dada yangu, ninayemlea mimi. Siku ya mtihani hali kitu, na bado anatapika. Na mitihani ilikuwa kila siku ya Mungu! Alikonda mpaka sketi akawa anaifunga kwa pini.

Nilimfuata Wastani mara nyingi.

"Mkuu, wape hata nusu saa wacheze. Huyu mtoto ataniishia mikononi."

"Kucheza kunaongeza alama ngapi, mwalimu?"

Siku moja akapigiwa simu. Mkaguzi anakuja kuangalia kama wanafunzi wana furaha na wanapata muda wa kucheza.

Presha ikampanda. Stoo alikuja kuifungua mwenyewe.

"Mwalimu, wafundishe kucheza. Upesi!"

Nikajaza mipira upepo, nikawapeleka watoto uwanjani. Wakapanga mstari, mikono nyuma, wakanitazama.

"Chezeni basi!"

Mmoja akanyoosha kidole. "Mwalimu, ni lazima kujibu maswali yote?"

Jamani, nilicheka, halafu nikataka kulia.

Nikadhani wakizoea watachangamka. Wapi! Wastani akaleta utaratibu wake. Mazoezi ya kucheza yakawa alfajiri, kabla ya masomo. Kukimbia alama thelathini, kuruka thelathini, kucheka arobaini. Meno yaonekane! Atakayefeli abaki jioni acheke upya.

"Mkuu, kucheka nako kunasahihishwa?"

"Bila alama utajuaje kama wamefurahi?"

Niliwapa wote alama zote. Wastani akasahihisha upya, na binti yangu akaambulia tatu kwenye kucheka. Asubuhi iliyofuata akatapika kabla hata hatujatoka nyumbani.

Siku ikafika. Mkaguzi alikuwa mama mmoja mpole, mwenye miwani. Nikapuliza filimbi. Watoto wakacheka kwa pamoja, wakanyamaza kwa pamoja.

Mama wa watu akamsogelea binti yangu, akainama.

"Unafurahi shuleni, mwanangu?"

Mtoto akafungua mdomo ajibu, akamtapikia viatu.

Mkaguzi akatoa leso, akamfuta mdomo.

"Pole, mwanangu. Umekula nini leo?"

"Sijala. Siku ya mtihani huwa sili."

"Kwani leo kuna mtihani gani?"

"Wa kucheza."

Nikamtazama Wastani, jasho linamchuruzika. Nikasema moyoni, leo umekwisha, baba.

Mkaguzi akavua miwani. "Mtihani wa kucheza? Nani kaubuni?"

Wastani akaninyooshea kidole mimi. Bila aibu!

"Huu ni ubunifu wa hali ya juu," mkaguzi akasema. "Inabidi shule zote ziige."

Kile kidole kikageuka palepale, kikatua kifuani kwa mwenyewe.

Basi Wastani akateuliwa kuzunguka kwenye semina, akiwafundisha wakuu wenzake namna ya kuwafurahisha wanafunzi. Muhula mzima hatukumwona. Makamu wake alikuwa na mtoto darasa lilelile, kwa hiyo hakuniuliza kitu nilipoufuta ule mtihani wa kucheza.

Filimbi nikaitupa. Mwanzoni watoto walisimama tu. Kisha mmoja akampokonya mwenzake mpira, yakazuka makelele, wakakimbizana mpaka vumbi likatanda.

Binti yangu akarudi nyumbani goti limechubuka, akaomba chakula. Akamaliza.

"Mama mdogo, kimebaki?"

Nilimpakulia huku machozi yananitoka.

Matokeo yalipotoka, tulikuwa wa kwanza. Wastani akapiga simu kutoka semina, sauti imempasuka kwa furaha.

"Mwalimu, mmefanyaje?"

"Tulikaza hesabu tu, mkuu."

Ndiyo, nilimdanganya, na walimu wote tumekubaliana asiambiwe. Akijua ni mpira, kesho yake ataanzisha masomo ya ziada ya kucheza.

Wazazi na walimu wenzangu, mtoto akicheka muacheni acheke. Msimuulize amepata ngapi.