Mwenye Mtungi wa Katoyi

Mwaka ule volkano ilipomwaga moto katikati ya Goma na kukata mabomba, mji wenyewe ukiwa mikononi mwa waasi, maji ya mtaa wa Katoyi yalitoka ziwani kwa migongo ya wanawake. Mgongo wa Domitille ulikuwa umekwisha. Wa mumewe Onésime, katekista, ulikuwa mzima kabisa, maana aliutunza kwa ajili ya kazi ya Bwana.

Kwaresima nzima Onésime alifundisha fumbo moja tu. Yesu anawatuma wanafunzi wawili mjini: mtakutana na mwanaume amebeba mtungi wa maji, mfuateni, na katika nyumba atakayoingia ulizeni chumba cha kulia Pasaka. Sasa, huyo mwanaume ni nani? Onésime alipandisha miwani. Mwanaume kubeba maji, mmeona wapi? Basi alikuwa malaika. Wanaume wenzake waliridhika sana na jibu hilo. Domitille alichukia.

Alhamisi Kuu, kuku akiwa amekwisha kunyonyolewa, aliweka mlangoni bidoni tupu, dumu lake la maji.

"Papa Munezero," alisema, akimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa Kibati, "hata Yesu hakukula Pasaka bila mwanaume kubeba maji. Na wewe hautakula."

Onésime alibisha kidogo, kisha harufu ya kitunguu ikamshinda. Alivaa koti la kanisani na kubana Biblia kwapani, ili watu wadhani ametumwa na padri. Wakati wa kurudi kutoka ziwani, pale mtaani Himbi, bidoni ikimlowesha bega, askari wawili wa waasi walimwona wakashangaa. Mzee wa koti anajibebea maji mwenyewe: kwake lazima kuna karamu. Wakamfuata hadi ndani.

"Muzee," mmoja aliuliza, bunduki begani, "chumba ya kulia iko wapi?"

Walimmaliza kuku, wakanywa maji, wakanawa hadi miguu, wakaenda zao. Kupotea kwa kuku yule kulimuuma Domitille kweli kweli. Onésime alitangaza kwamba maandiko yametimia, na kwa kuwa unabii hautimii mara mbili, kazi ya maji imerudi kwa wenyewe, wanawake.

Domitille aliinamisha bidoni. Halikutoka hata tone.

"Imetimia, Papa Munezero," alisema. "Na maji nayo imeisha."

Onésime aliutazama mgongo wa mkewe, akaona hauna nia ya kuinama. Akaichukua bidoni. Safari hii koti na Biblia aliviacha nyumbani.